MAISHA YA GORDON DOBSON, MTU ALIYEPIMA JUA



Katika ukurasa huu wa watu mashuhuri tumezoea kusoma juu ya wafalme, wahubiri na majenerali. Mara hii nimechagua mtu ambaye hakuongoza jeshi, hakutawala inchi, na picha yake hamtaikuta ukutani kwa mtu. Lakini dunia nzima inataja jina lake kila siku, maana kipimo cha ozoni kinaitwa Dobson, sawa vile kipimo cha nguvu kinaitwa Newton. Maisha yake yote alikuwa anauliza neno moja: nuru ya jua inapotoka kule juu mpaka hapa chini, ni nini inabaki njiani, na ni nini inatufikia?

Gordon Miller Bourne Dobson alizaliwa tarehe 25 mwezi wa pili mwaka wa 1889, kando ya ziwa Windermere, upande wa kaskazini wa Uingereza. Baba yake alikuwa munganga. Kwao ni mahali pa vilima, mvua na maji, na sisi wa Kivu tungepaona kama nyumbani, ila baridi yake ni ya kweli. Ziwa lile lilimfundisha mbele ya mwalimu yeyote. Munajua kwamba maji ya ziwa hayalali sawasawa: upepo ukiyasukuma upande mmoja siku nzima, kisha ukiacha, maji yanarudi, yanapita mbele, yanarudi tena, kama maji ndani ya beseni mtu anapolibeba. Wavuvi wa Tanganyika wanaijua ile habari. Dobson, akiwa bado kijana, alipima kule kupanda na kushuka kwa maji ya Windermere kwa chombo alichojitengenezea mwenyewe, na mwaka wa 1911 habari yake ikachapwa katika gazeti kubwa la elimu la Uingereza, *Nature*. Alikuwa na miaka 22. Alikuwa amemaliza masomo Cambridge mwaka uliotangulia, na matokeo ya kwanza kabisa.

Ninasimama kidogo hapo. Wengi wetu tunafikiri kwamba bila labo yenye vioo na mashini, mtu hawezi kuanza. Huyu alianza na ziwa la kwao.

Mwaka wa 1913 alitumwa Upavon, kwenye masomo ya marubani wa ndege za vita, ili afundishe mambo ya hali ya hewa. Ndege za wakati ule zilikuwa mbao na kitambaa tu, na upepo wa juu ulikuwa unaua watu kupita adui. Dobson alikuwa anaachilia baluni ndogo na kuzifuata kwa macho ya chombo, ajue upepo unabadilika namna gani kadiri mtu anavyopanda. Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza, alifanya kazi Farnborough, mahali ambapo ndege zilikuwa zinajaribiwa. Pale alijuana na Lindemann, mtaalamu wa fizikia, na nyuma ya vita Lindemann akiwa profesa huko Oxford, Dobson naye akaitwa mwaka wa 1920 afundishe hali ya hewa kwenye iniversite ile. Hakuondoka Oxford tena mpaka kufa.

Sasa tunafika kwenye nyota zinazoanguka. Wazee wetu wengine wanasema nyota ikianguka kuna mkubwa anakufa. Dobson na Lindemann hawakutafuta mkubwa. Walitafuta kujua mawe yale madogo yanayoungua usiku yanawaka kwenye urefu gani, na yanazimika wapi. Toka hapo wakahesabu hewa ya kule juu ina uzito gani na joto gani. Wataalamu wa wakati ule waliamini kwamba kule juu kabisa baridi inabaki ileile tu, basi. Hesabu ya hawa wawili, iliyotoka mwaka wa 1923, ilionyesha kwamba karibu kilometa 50 juu yetu kuna joto zaidi kupita vile watu walivyofikiri. Moto unatoka wapi, na huko hakuna jiko? Wakajibu kwamba ni ozoni. Ozoni inameza miali fulani ya jua, na kitu kinachomeza nuru kinapata joto.

Ozoni ni ndugu ya oksijeni. Oksijeni tunayovuta ina atomu mbili zilizoshikana. Ozoni ina tatu. Wafaransa Charles Fabry na Henri Buisson walikuwa wameonyesha mbele yake, mwaka wa 1913, kwamba iko nyingi kule juu, na ndiyo inazuia miali ya ultraviole isitufikie yote. Miali hiyo macho hayaioni na ngozi haisikii moto wake, lakini inaunguza. Wataalamu wanaigawa mafungu matatu. Ile kali kuliko zote, C, hewa inaimaliza yote. Ile ya A inapita karibu yote. Ile ya katikati, B, ozoni inakula sehemu kubwa na kuacha kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachobabua ngozi, kinachoharibu macho, na kwa miaka mingi kinaleta kansere ya ngozi. Kwa hiyo mtu akitaka kujua ubaya wa jua la mahali, inabidi kwanza ajue ozoni ya juu yake ni nyingi kiasi gani.

Lakini utapimaje kitu ambacho kingi chake kiko kilometa 20 na 25 juu ya kichwa chako? Dobson hakupanda. Alipima nuru iliyofika chini.

Nitaeleza kwa mfano wa kwetu. Wazeni kamyo mbili zinatoka Bukavu asubuhi na mihogo. Kamyo ya kwanza, kwenye kila barieri wanaipunguzia gunia. Ya pili ni ya mkubwa, haiguswi sana. Wewe umekaa kule mwisho wa safari, barabara hujaiona. Ukijua zilitoka na magunia mangapi, basi ukihesabu magunia yanayofika unajua kuna barieri ngapi njiani. Mvua ikinyesha, imenyeshea kamyo zote mbili, kwa hiyo haikudanganyi. Dobson alichagua nuru mbili za jua zilizo jirani, zote za ultraviole: moja ozoni inaila sana, nyingine inaiacha. Vumbi na ukungu vinapunguza zote mbili karibu sawasawa. Tofauti inayobaki ni kazi ya ozoni.

Na magunia ya kutoka, aliyajuaje? Hapo ndipo alinifurahisha zaidi. Asubuhi jua likiwa chini, nuru inapita hewani kwa mshazari, njia ndefu. Saa sita jua likiwa juu, njia ni fupi. Akapima mara nyingi toka asubuhi mpaka saa sita, akaandika namba zake kwenye karatasi ya mistari, akavuta mstari mpaka pale njia ingekuwa sifuri, maana yake pasipo hewa hata kidogo. Akapata nuru ya jua sawa vile ilivyo mbele ya kuingia kwenye hewa yetu, na miguu yake iko kwenye majani ya Oxford.

Chombo cha kwanza alikitengeneza mwaka wa 1924, katika karakana ya nyumbani kwake, juu ya kilima cha Boars Hill karibu na Oxford. Kioo cha kawaida kinazuia ile miali ya B, kwa hiyo ilimbidi kutumia kwartsi. Tena nuru ya kawaida, ambayo ni nyingi sana, ilikuwa inaingia na kuharibu kazi. Akaizuia kwa kuipitisha ndani ya mvuke wa klorini na bromi. Matokeo yalikuwa yanaandikwa kwenye bamba la fotografi. Mwaka wa 1925 alipima siku kwa siku, akaona mambo mawili: ozoni ya Uingereza inakuwa nyingi wakati majani yanapoanza kuchipuka, na inapungua kule mwisho wa mwaka, tena inabadilika pamoja na hali ya hewa, siku moja na siku nyingine si sawa.

Mtu mwingine angeandika kitabu na kutulia. Yeye akasema moyoni kwamba Oxford si dunia. Akatengeneza vyombo vingine, akavituma Ireland, Shetland, Uswidi, Ujerumani, na Arosa kwenye milima ya Uswisi. Mabamba yote ya fotografi yalirudishwa kwake kwa posta, na yeye na wenzake wakayasoma moja moja. Nyuma ya hapo, mwaka wa 1928, vyombo vile vikatawanywa mbali zaidi: California, Helwan huko Misri, Kodaikanal huko Uhindi, Christchurch huko Nyuzilandi. Hapo ndipo ilijulikana neno linalotuhusu sisi. Karibu na mstari wa ikweta, ozoni ni chache kuliko kwa wazungu wa kaskazini. Ni ajabu, maana jua ndilo linatengeneza ozoni, na jua letu ni kali. Dobson akafikiri, toka mwaka wa 1929, kwamba hewa inapanda polepole kwetu kwenye inchi za joto, inasafiri kule juu, kisha inashuka karibu na ncha za dunia, na kubeba ozoni kwenda nayo. Sisi tunalima, wengine wanavuna! Miaka 20 mbele, Alan Brewer alifika kwenye wazo hilohilo kwa njia ya kupima ukavu wa hewa ya juu, na leo safari ile ya hewa inaitwa kwa majina yao wawili.

Kuosha mabamba ya fotografi ilikuwa kazi ya kuchosha. Basi Dobson akatengeneza chombo kipya, akakieleza mwaka wa 1931, chenye jicho la umeme. Ni sanduku refu kama jeneza la mtoto, mnisamehe kwa mfano huo. Ndani yake prizma za kwartsi zinatenganisha nuru, vipenyo viwili vinachagua zile mbili, na gurudumu linalozunguka linazipitisha kwa zamu, hii, ile, hii, ile. Kama moja ina nguvu kupita mwenzake, sindano inacheza. Mpimaji anageuza duara na kusogeza kioo cheusi mbele ya ile yenye nguvu, mpaka sindano inatulia. Anasoma namba ya duara, anaandika saa, anaenda kwenye jedwali. Kazi ya dakika chache tu. Zaidi ya mia moja ya masanduku hayo yalitengenezwa, na mengine ya miaka ile ya zamani yaliendelea kupima hata nyuma ya mwaka wa 2000.

Kipimo chenyewe ni hivi: wazeni ozoni yote iliyo juu ya kichwa chako inashushwa mpaka chini, kwenye baridi ya sifuri na mukazo wa kawaida wa hewa. Ingekuwa kama shuka lenye unene wa milimeta 3. Hiyo inaitwa Dobson 300, maana kila milimeta ni 100. Kwetu karibu na ikweta ni kama 260 hivi. Milimeta 3, eh! Daftari hili munalosoma ni jembamba, lakini ukipanga madaftari machache juu ya mengine umeshapita kivuli chote cha dunia.

Heshima hazikuchelewa. Mwaka wa 1927 aliingizwa katika Royal Society ya London, na mwaka wa 1942 akapewa medali ya Rumford. Wakati wa vita ya pili alitafuta sababu ya ile mistari myeupe inayobaki nyuma ya ndege na kuonyesha adui njia, na kwa kazi hiyo yeye na Brewer walipata chombo cha kupima maji kidogo sana yaliyomo kwenye hewa ya juu. Mambo mengine ya vita ninayapita.

Habari ninayoipenda kuliko zote ni ya mwaka wa 1956. Wataalamu wa inchi nyingi walikuwa wanajitayarisha kwa mwaka wao wa kupima dunia, 1957 na 1958. Waingereza walijenga kituo Halley Bay, kwenye barafu ya Antarktika, na sanduku la Dobson likapelekwa kule, nyuma ya kukaguliwa na yeye mwenyewe. Mwezi wa tisa na wa kumi, namba zikaanza kufika. Zilikuwa chini kwa Dobson 150 kuliko alivyotazamia, akilinganisha na upande wa kaskazini katika majira yale yale. Kwanza walifikiri mpimaji amekosea. Lakini mwezi wa kumi na moja ozoni ikapanda kwa ghafula mpaka mahali ilipotazamiwa. Mwaka uliofuata, ni vilevile tena. Kumbe mpimaji alikuwa sawa! Ni Antarktika yenyewe haifanani na kaskazini: kule upepo mkali unazunguka ncha wakati wa giza na kufunga hewa ndani kama watu ndani ya lupango, mpaka jua lirudi na kuufungua.

Wanafunzi wa mwaka wa tano na wa sita, muangalie vizuri hapa. Namba ikija tofauti na ile tuliyoitazamia, sisi tunafuta na kuandika ile ya rafiki. Dobson aliiacha namba mbaya kwenye daftari, akangoja mwaka mzima.

Sasa, kazi hii inatusaidia nini sisi watu wa milimani? Wengi wanapima ubaya wa jua kwa joto. Ni uongo. Miali ya B haina joto la kusikika. Hapa Kivu, kwenye metre 1.500 na zaidi, mtu anavaa tricot saa sita na huku jua linamchoma, juu hewa ya milima ni nyepesi, jua linasimama wima, na ozoni yetu ni chache. Kila metre 1.000 unayopanda inaongeza miali ile karibu kumi kwa mia. Leo wataalamu wanahesabu hatari hiyo hata mahali pasipo na chombo cha ultraviole. Wanachukua ozoni kwa Dobson, urefu wa jua, na urefu wa mahali, wanapata miali ya siku isiyo na mawingu. Kisha wanatazama chombo cha kawaida kinachopima nuru yote ya jua. Kikionyesha nusu ya ile ya siku safi, wanajua mawingu yamekula nusu ya nuru. Lakini ultraviole haikupungua kiasi kile, inajipenyeza zaidi, kwa hiyo wana hesabu yao ya kurekebisha. Namba inayotoka inaitwa indeksi. Toka 11 kwenda juu ni hatari kabisa, na kwenye inchi za ikweta, saa sita bila mawingu, inapita hapo mara nyingi.

Kwa mtu asiye na mashini kuna kivuli chake. Kivuli kikiwa kifupi kuliko mwenyewe, miali ni mikali. Ngozi nyeusi inatulinda sana, tumshukuru Mungu, ingawa macho yetu hayana ulinzi huo. Lakini wenzetu albino, tunaokaa nao kwenye banc moja, hawana rangi ile ya kuwafunika, na ndio wanaopata kansere ya ngozi wangali vijana. Mimi ninaona, na ninayaandika bila kuogopa kwa sababu ni sisi wasimamizi tunaopanga, salongo ya uwanja isiwekwe kwao toka saa nne mpaka saa tisa, na mtoto albino asipigwe magoti juani kwa kosa lolote lile. Kofia pana na mikono mirefu si maringo, hata kama si uniforme.

Turudi kwa mzee wetu. Aliacha kazi ya iniversite mwaka wa 1950, lakini sanduku halikuacha kazi. Nyumbani kwake Shotover, kilima kingine cha Oxford, alikuwa anatoka nje mawingu yakifunguka, anapima, anaandika, anarudi ndani. Alizikwa mke wake wa kwanza, Winifred, mwaka wa 1952. Akaoa tena mwaka wa 1954. Alipima mpaka mwezi wa kwanza wa 1976, alipopatwa na ugonjwa wa kupooza. Akafa tarehe 11 mwezi wa tatu mwaka ule, miaka 87.

Na kule Halley Bay? Watu walikuwa wanabadilishana, mmoja anarudi kwao, mwingine anafika, na kila siku yenye jua wanageuza duara lile lile. Mwezi wa kumi namba zilikuwa karibu 300 walipoanza. Zikaanza kushuka, kidogo kidogo, kisha kwa haraka, na mwaka wa 1984 zilikuwa zimepita chini ya 200. Joseph Farman na wenzake wawili, Gardiner na Shanklin, walitangaza habari hiyo mwaka wa 1985, miaka tisa nyuma ya kufa kwa Dobson. Gazi za friji na za vipuliza, zenye klorini ndani, ndizo zilikuwa zinakula ozoni. Mwaka wa 1987 serikali zikapatana huko Montréal kuzipunguza, na leo ozoni inaanza kurudi polepole. Bila zile namba za 1956, hakuna mtu angeweza kusema kwamba kitu kimepungua.